Manati ya Mpwa Wangu

Mwaka jana, mwezi wa nane, dada yangu alinipigia simu kutoka Dumila akiwa amekasirika. Mwanawe, mpwa wangu wa miaka 9, alikuwa amekutwa nyuma ya nyumba na manati mkononi na ndege watatu waliokufa miguuni. Dada aliichukua ile manati akaitia motoni, chini ya sufuria ya ugali. Kwangu alitaka jambo moja tu, niongee na mtoto.

"Wewe ndiye mjomba wake," alisema. "Mwambie hizo ni tabia za kijangili."

Kwa sisi Wakaguru, mjomba si neno la salamu tu. Ukoo wetu hupita kwa mama, kama ulivyo kwa majirani zetu Waluguru. Mtoto akiharibika, watu humtazama mjomba. Basi nikaomba nipewe mtoto. Akanipa shikamoo kwa sauti ya mtu aliyetoka kulia. Nikamuuliza ni ndege gani aliowapiga. Hakujua. Mmoja alikuwa wa njano. Nani alikufundisha? Akamtaja mtoto wa jirani, mwenye miaka 11.

Hapo hasira yangu na ya dada zikaachana njia. Yeye alikasirika kwa sababu mtoto ameanza kuwinda. Mimi nilikasirika kwa sababu mwalimu wake ana miaka 11.

Anayepita Dumila ndani ya basi la Dodoma huona njia panda, wauza mahindi ya kuchoma wanaokimbilia madirisha, na barabara inayokata kwenda Kilosa. Akishuka na kuingia nyuma ya maduka ataona mashamba, matete ya Mto Mkundi, na kwa mbali milima ya Ukaguru. Katika eneo hilo kila mtoto wa kiume mwenye makovu magotini anajua kutengeneza manati: panda ya mpera, mipira miwili ya tyubu ya baiskeli, na ulimi wa kiatu kibovu wa kushikia jiwe. Hajaipata hiyo shuleni wala nyumbani. Swali la kama watoto wa Dumila wawinde au wasiwinde limepitwa na wakati. Wanawinda. Lililobaki ni nani anawafundisha, na wanaanzia wapi.

Mimi nilianzia kwenye moto. Nilikuwa na miaka 10, kiangazi kilikuwa kikali, na matete ya mtoni yalikuwa yamekauka. Mkubwa wetu, mwenye miaka 13, alisema ndezi wamo mle ndani na kwamba moto utawatoa wenyewe. Tuliwasha upande mmoja tukajipanga upande wa pili na fimbo. Ndezi wawili walitoka kweli, tukawapiga. Kisha upepo ukageuka. Moto uliruka kijia, ukaingia katika shamba la mbaazi la bibi mmoja mjane, mbaazi zilizokauka zikingoja kuvunwa. Tulisimama tunatazama, kila mtu na fimbo yake. Ilichukua muda mfupi kuliko ninavyotumia kuandika aya hii.

Jioni nilichapwa, na nilistahili. Ninachokumbuka zaidi ni yaliyofuata. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa na baba alisubiri fimbo ziishe, kisha akauliza, "Mlipata wangapi?" Nikasema wawili. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuna aliyenieleza kwa nini usiwashe moto usioweza kuuzima. Hakuna aliyenipeleka kwa yule bibi nikamtazame usoni. Nilipata fimbo upande mmoja na pongezi upande mwingine, na katikati hapakuwa na somo.

Ninaandika kupinga kambi mbili, na yule mzee ni wa kambi ya kwanza. Hii ndiyo kambi ya "sisi tulijifunza wenyewe". Methali yao ni ile ya mtoto akililia wembe, mpe. Akijikata atajua. Ni methali tamu kwa anayeisema, maana anayekatwa si yeye. Tena methali hiyo inadhani wembe hukata mkono wa aliyeushika tu. Moto wetu ulikata mbaazi za mjane. Manati ya mpwa wangu ilikata ndege watatu, na jiwe la nne lingeweza kuingia katika jicho la mdogo wake.

Kambi ya pili ni ya dada yangu, na nadhani ni ya wengi mnaosoma hapa: mnyang'anye mtoto wembe, uuchome, umwambie ni dhambi. Kambi hii ina nia njema na shule nzuri. Ina picha za tembo ukutani. Nayo imeshindwa vilevile, kwa sababu ilipochoma manati moja, mpera ulikuwa bado umesimama uani na tyubu mbovu zilikuwa bado zimejaa kwa fundi baiskeli. Wiki mbili baadaye mpwa wangu alikuwa na manati nyingine. Tofauti ilikuwa moja: sasa alijua kuificha.

Wembe una matumizi yake, na anayeyajua ni mtu mzima. Kazi yake ni kukaa chini na mtoto, mkono juu ya mkono, mpaka mtoto ajue unaposhikwa, unapokata, na unaporudishwa. Kambi zote mbili zimeikimbia kazi hiyo.

Tuliikimbiaje? Nina jibu la nyumbani kwetu. Mjomba wangu mimi, marehemu sasa, alikuwa mwindaji. Nilikuja kulijua hilo nikiwa chuoni, tulipokuwa tukipanga vitu vyake baada ya msiba na kukuta wavu mzito wa kamba za katani umeviringishwa juu ya dari. Mtu yule aliyajua matete kuliko sisi sote. Angeweza kutuambia siku moja tu, "Watoto, moto hapana." Hakusema, kwa sababu kusema kungekuwa kukiri. Kwa mtu wa rika lake, mtu anayejua sana habari za wanyama alikuwa mtu wa kuulizwa maswali na askari.

Historia yake ni ndefu. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya wanyamapori iliyotaka leseni ya kuwinda na kutenga mapori ya kwanza ya hifadhi. Waingereza wakaendeleza mtindo huo, na nchi huru ikaurithi. Mwaka 1964 jirani yetu Mikumi ikawa hifadhi ya taifa. Leo tuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, inayosema wanyamapori wote ni mali ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Siilaumu sheria hiyo. Bila ulinzi, bunduki na pikipiki vingekuwa vimeshamaliza kila chenye kwato. Ninachosema ni kwamba sheria ilipomnyamazisha mwindaji ilinyamazisha mambo mawili kwa pamoja: namna ya kuua, na namna ya kuacha. Namna ya kuua ilirudi yenyewe, kwa sababu haihitaji mwalimu. Jiwe na kiberiti vinatosha. Namna ya kuacha haikurudi.

Ajabu ni kwamba mkoa wetu umejaa wanaojua. Makao makuu ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, yapo mjini Morogoro. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinafundisha usimamizi wa wanyamapori hapohapo chini ya Uluguru. Toka hapo uende Dumila, ni safari isiyotosha usingizi mzuri wa basi. Lakini elimu hiyo inamsubiri mtoto afike chuo kikuu, wakati manati inamfikia kabla hajamaliza darasa la tatu.

Wapo wanaofanya vingine. Kando ya Ziwa Eyasi, mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa upinde mdogo akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Frank Marlowe, mwanaanthropolojia aliyeishi nao na kuandika kitabu juu yao mwaka 2010, ni mmoja wa walioeleza jinsi upinde unavyokua pamoja na mtoto. Mdogo hulenga ndege na panya karibu na kambi. Mishale yenye sumu, ya wanyama wakubwa, ni ya baadaye. Na hata kijana aliyeshajua kulenga bado hajafika: zipo sehemu za nyama ya mnyama mkubwa ambazo ni za wanaume walioingizwa katika daraja la epeme tu, na mtu hulifikia daraja hilo akiwa amekuwa mtu mzima na amethibitika.

Nitakuwa mkweli, maana mfano huu unanibana pia. Watoto wa Kihadzabe hujifunza mengi kutoka kwa watoto wenzao, kama mpwa wangu alivyojifunza kwa jirani wa miaka 11. Tofauti ni kwamba yule wa miaka 11 wa Eyasi naye alifundishwa, na aliyemfundisha alifundishwa, na watu wazima wanaowinda wapo kambini jioni hiyo, wanaonekana. Mnyororo haujakatika. Wa Dumila umekatika kwenye pete ya mjomba wangu.

Ukitaka mfano wa nchi yenye karatasi nyingi, upo. Norway, mtoto huruhusiwa kuwinda kwa mafunzo kuanzia mwaka anaofikisha miaka 14, kwa idhini ya mzazi na chini ya jicho la mtu mzima. Wanyama wadogo ni miaka 16, wakubwa 18. Ujerumani, nchi ya Wissmann mwenyewe, kijana wa miaka 16 anaweza kupata leseni ya vijana baada ya kufaulu mtihani, na haendi peke yake. Hapa kwetu, mtalii anayekuja kuwinda kwenye vitalu vyetu, mtu mzima mwenye mvi na fedha zake, hafyatui risasi bila mwindaji bingwa na askari wa wanyamapori pembeni. Yaani tajiri wa miaka 55 tunamwekea wasimamizi wawili, na mtoto wa miaka 10 tunamwachia matete, upepo na kiberiti.

Kwa hiyo umri unaofaa ni upi? Wote hao, wa Eyasi na wa Norway, wanajibu kwa ngazi, na ngazi zao zinapima kitu kilekile. Hazipimi kama mtoto anaweza kuua. Kuua anaweza mapema mno. Mpwa wangu aliua watatu kabla ya chai. Zinapima kama anaweza kuacha: kama atashusha mkono akiambiwa, na baadaye kama ataushusha bila kuambiwa. Mtoto anayerudi mikono mitupu bila kulia wala kudanganya, huyo umri wake umefika, awe na miaka 9 au 15. Asiyeweza, hata akiwa na ndevu, asipewe kitu.

Hapa kwetu ngazi hiyo lazima ikae ndani ya sheria, na sheria haina mzaha: ndege wa mwituni naye ni mnyamapori. Kwa hiyo sisemi tuwapeleke watoto porini na mikuki. Nasema tuanzie shambani, ambako kazi ipo na inamsubiri mtu.

Anza na macho. Mtoto wa miaka 5 hadi 8 hahitaji silaha, anahitaji majina. Msimu wa mpunga tayari tunawapeleka watoto kuwinga ndege, wakike kwa wakiume, kutwa nzima juani na madebe ya kupiga. Ni darasa ambalo mwalimu hajaingia. Kwelea kwelea ni yupi, mnana ni yupi, yupi anakula mpunga na yupi anakula wadudu wa mpunga? Yule ndege wa njano wa mpwa wangu pengine alikuwa mnana tu. Lakini katika misitu ya Uluguru yupo ndege mwenye tumbo la njano, Malaconotus alius kwa jina la kisayansi, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Mtoto wa kule mwenye manati na asiye na majina atamwita naye "wa njano".

Kisha panya. Panya shamba hufukua mbegu za mahindi tukishapanda, na hakuna anayehitaji leseni ya kumtega shambani kwake. Mtoto wa miaka 9 au 10 afundishwe kutega huyo, na mtu mzima akiwa pale. Afundishwe kukagua mtego kila asubuhi, bila kukosa, kwa sababu mnyama aliyenaswa na kusahauliwa ni aibu ya mtegaji. Afundishwe kumaliza haraka. Asimshike kwa mikono mitupu. Lushoto, kati ya mwaka 1980 na 2004, tauni inayobebwa na viroboto vya panya iliwapata watu zaidi ya 7,000, wengi wao wanawake na watoto. Mnyama uliyemkuta amekufa hakuhusu, mwite mkubwa. Na aliyeua ndiye anayefukia na kuosha mtego. Akikataa kufukia, kesho hategi.

Papo hapo aambiwe habari za panya buku. Morogoro mjini, shirika la APOPO huwafundisha panya hao kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Mtoto ajue kwamba kiumbe anayemkimbiza na fimbo ana ndugu mwenye nishani. Hiyo haimzuii kutega panya wa shambani. Inamzuia kudhani kwamba kinachouawa hakina thamani.

Manati yenyewe? Kopo juu ya kisiki, siku iliyopangwa, mkubwa akiwepo. Ikiisha, inatundikwa. Moto haupo katika ngazi yoyote. Zaidi ya hapo, sheria na leseni ni za mtu mzima, na anayetamani nyamapori kabla ya hapo, mabucha yanayoruhusiwa yapo tangu kanuni za mwaka 2020. Ale yenye risiti.

Najua mtakayosema. Dada aliyasema kabla yenu. "Unataka kunifugia jangili?" Sina dhamana ya kumpa. Tunaishi karibu na Mikumi, na kijana anayejua nyayo anaweza siku moja kufuatwa na mtu mwenye fedha. Lakini mtu huyo hamfuati kijana kwa sababu alifundishwa. Humfuata kwa sababu hana kitu na hana wa kumwuliza. Ningependa mpwa wangu awe na mtu wa kumwuliza.

Mtasema pia kwamba kumzoesha mtoto kuua kunamfanya mkatili. Hoja hii naiheshimu, na jibu langu si kamili. Nina kumbukumbu moja tu ya kuweka mezani. Nilipokuwa na miaka 11 nilimpiga tetere kwenye mkwaju wa jirani. Siku tatu baadaye, nikipanda kuchuma ukwaju, nilikuta kiota na makinda mawili makavu ndani yake. Sikumwambia mtu. Hapakuwa na mtu wa kumwambia: kwa kambi moja lingekuwa jambo la kucheka, kwa nyingine la fimbo. Nililibeba mwenyewe, na namna ya mtoto kubeba jambo kama hilo peke yake ni kulifanya liwe dogo. Niliwapiga wengine wengi baada yake. Ukatili wangu haukuanza nilipoua. Ulianza nilipokosa wa kunisikiliza.

Desemba nilikwenda Dumila. Mimi, dada na mtoto tulikaa barazani tukapatana, na dada alipatana kwa shingo upande. Manati ya pili ikatoka mafichoni ikatundikwa kwenye msumari juu ya mlango wa dada. Jumamosi nikiwepo, au baba yake akiwepo, inashuka kwa ajili ya kopo. Mitego mitano ya panya, ukaguzi ni alfajiri kabla ya shule. Wiki ya kwanza alisahau mara mbili, na mitego ikafungiwa ndani. Alinuna siku nne. Wiki ya tatu hakusahau.

Mwezi uliopita alinipigia yeye mwenyewe, kwa simu ya mama yake.

"Shikamoo mjomba. Leo nilimwona tetere, karibu kabisa. Sikumpiga."

"Marahaba. Mbona hukumpiga?"

"Alikuwa na kijiti mdomoni."

Nilinyamaza kidogo, maana koo lilikuwa limenikaba. Kisha nikakumbuka kwamba ilikuwa Jumatano, na kwamba siku ya Jumatano manati hukaa kwenye msumari. Hilo tutaliongea Jumamosi.